Unyayo, sikio au kidonge cha pamba: kipimo kipi cha uvimbe kinaufaa mti wako?

Magome umeyaanika kivulini, umeyatwanga, umeyaloweka siku tatu kwenye methano, umechuja na kukausha, na sasa una kichupa cha dondoo, kitu cheusi kinachonata kama lami. Msimamizi wako anataka pendekezo la utafiti Ijumaa. Kwenye sehemu ya mbinu umeandika "karajinani" kwa sababu tasnifu ya mwenzako wa mwaka jana iliandika hivyo, na ya mwaka juzi vilevile.

Nimekaa kwenye chumba cha panya muda wa kutosha kuwaona wengi wakiingia na karatasi ya namna hiyo. Karajinani, kitu cha mwani kinachochomwa kwenye unyayo wa panya ili uvimbe na uone kama dondoo litauzuia, si chaguo baya, na mara nyingi hata mimi ningeanza nayo. Kinachoponza watu ni kuichagua kabla ya kujua wanauliza nini. Kila kipimo kinaamsha uvimbe kwa njia yake, kwa hiyo dondoo linaloshinda kwenye kimoja linaweza kuanguka kwenye kingine na hakuna aliyekosea.

Tuelewane pia kwenye neno lenyewe. Kwa Kiswahili jipu ni uvimbe, saratani ya titi ni uvimbe, kifundo kilichoteguka ni uvimbe. Hapa nasema ule unaokuja na ishara nne ambazo Celsus, Mrumi wa karne ya kwanza, alishaziandika: wekundu, joto, kuvimba na kuuma. Na panya nao: Kiswahili kina panya mmoja, maabara ina wawili. Nitasema panya mkubwa kwa yule wa gramu 150 hadi 200, mara nyingi wa ukoo wa Wistar au Sprague Dawley, na panya mdogo kwa yule wa gramu 20 hadi 25.

Anza kwa aliyekupa mti

Mwanafunzi mmoja alikuja na mzizi aliopewa na bibi mganga kijijini kwao. Nikamuuliza bibi anautumiaje. Hakujua, alikuwa ameandika jina la mti na jina la ugonjwa, basi. Akapiga simu palepale, spika wazi.

"Shikamoo bibi. Ule mzizi wa miguu, mgonjwa unampaje?"

"Marahaba mjukuu wangu. Nachemsha, anakunywa kikombe asubuhi na jioni, siku saba. Na yale makapi situpi, namkandia goti yakiwa bado ya moto."

Pendekezo lake lilisema: dondoo la methano, sindano ya tumboni, dozi moja, uvimbe wa saa tano. Bibi alisema: maji, mdomo, siku saba, na kukanda juu ya ngozi. Hakuna hata kimoja kilicholingana. Utafiti ule ungeweza kufanyika vizuri kabisa, takwimu zikatoka safi, na bado usiseme lolote kuhusu dawa ya bibi. Basi twende kwenye vipimo tukiwa na goti la mgonjwa wa bibi kichwani.

Karajinani kwenye unyayo

Kipimo hiki kilichapishwa mwaka 1962 na Winter, Risley na Nuss, watafiti wa kampuni ya Merck ya Marekani. Mwaka uliofuata watu haohao wakaeleza kazi ya indomethasini, dawa ya uvimbe ya jamii ya aspirini. Yafaa kulikumbuka hilo, kwa sababu indomethasini na karajinani wamelelewa nyumba moja. Ukiona indomethasini inang'ara kwenye kipimo hiki usishangae, na ukiona dondoo lako linang'ara vilevile, jua kwanza kwamba kipimo chenyewe kinazipendelea dawa zinazoziba prostaglandini, kemikali za mwili zinazokuza uvimbe na maumivu. Kwa nini dawa za jamii ya aspirini zinafanya hivyo, John Vane alikuja kuonyesha mwaka 1971, na mwaka 1982 akapata Nobel pamoja na wenzake wawili.

Karajinani yenyewe hutolewa kwenye mwani. Ndiyo, mwani uleule ambao akina mama wa Paje na Jambiani wanaufunga kwenye kamba, kilimo kilichoanza Zanzibar kama biashara mwaka 1989. Lakini usikimbilie feri. Spinosamu ya Zanzibar hutoa karajinani ya aina ya iota, na kotonii hutoa kapa, zote za aina inayoganda. Hizo ndizo viwanda vya vyakula na dawa za meno vinazitafuta. Kwa unyayo wa panya watu wengi hutumia lamda, inayotoka kwenye mwani mwekundu wa jamii nyingine na haigandi. Maabara moja niliyopitia ilikosa lamda, mtu akaleta unga wa kiwandani wa vyakula. Myeyusho uligeuka uji wa mabonge, sindano ikaziba, panya wengine wakavimba na wengine wakabaki kama walivyokuja. Wiki nzima ya kazi na panya 30 wakapotea bure. Andika aina ya karajinani kwenye pendekezo lako, na iandike tena kwenye fomu ya manunuzi.

Utaratibu wenyewe ni mwepisi kuusimulia. Karajinani ya asilimia 1 kwenye maji ya chumvi, iliyoachwa ikae mpaka iyeyuke yote, mililita 0.1 chini ya ngozi ya unyayo wa nyuma wa kulia. Dawa inatangulia: saa moja kabla ikiwa ni ya mdomo. Unapima ujazo wa mguu kabla ya sindano, kisha kila saa mpaka ya tano au ya sita. Kilele huja kati ya saa ya tatu na ya tano. Wakati huo unyayo umejaa, mwekundu, ngozi imevutika mpaka inang'aa, vidole vimeachana, na mnyama amesimama kwa miguu mitatu huku wa nne ameukunjia tumboni.

Penye ugumu ni mkono wako. Plethismomita hupima maji yanayosukumwa na mguu ukizamishwa, na milimita mbili za kuzamisha zaidi zinatosha kukuzalishia "athari ya dawa" ambayo haipo. Chora mstari wa kalamu ya wino usiofutika kwenye kifundo kabla ya saa ya kwanza, zamisha mpaka mstarini kila mara, subiri mguu ulegee, ndipo usome. Asome mtu mmoja siku nzima, na asijue panya ni wa kundi gani. Nikiletewa tasnifu isiyosema msomaji alifichwa makundi, matokeo yake nayapunguza kichwani mwangu kabla sijageuza ukurasa.

Uzuri mkubwa wa karajinani uko kwenye saa zake. Saa ya kwanza na nusu hivi hutawaliwa na histamini na serotonini, kemikali nyingine za mwili zinazoamsha uvimbe, hufuata bradikinini ya kundi hilohilo, na kuanzia kama saa ya pili na nusu prostaglandini ndizo zinazoushikilia uvimbe. Dondoo linalopunguza saa ya kwanza halafu likazimika lina hadithi moja. Linaloanza kufanya kazi saa ya tatu na kuendelea lina hadithi nyingine. Mtu anayeripoti namba moja tu ya saa ya tatu ameitupa nusu ya alichokilipia.

Hesabu ni hii: kama kundi lisilopewa dawa limevimba kwa mililita 0.80 na la dondoo kwa 0.48, tofauti ni 0.32, gawanya kwa 0.80, umezuia asilimia 40. Chukua ongezeko la mguu wa kila panya peke yake. Usichukue ujazo mzima wa mguu, la sivyo panya wakubwa wa mwili watakuchanganyia hesabu.

Kisichopatikana hapa ni ugonjwa wa siku nyingi. Goti la mzee lililouma miaka kumi halifanani na unyayo uliovimba tangu saa tatu asubuhi.

Ute wa yai

Unapasua yai bichi, unavuta ute mililita 0.1, unachoma unyayoni. Rahisi, na hausubiri kibali cha forodha. Uvimbe huja mapema, ndani ya saa ya kwanza, na hutegemea zaidi histamini na serotonini. Matokeo yake, dawa za mzio hufanya vizuri hapa, na diklofenaki inaweza kukuaibisha. Ukiona dondoo linafanya kazi kwenye ute wa yai, huenda umepata ndugu wa Piriton, si ndugu wa diklofenaki. Kwa jaribio la awali sawa. Kama kipimo pekee cha tasnifu ya uzamili, mimi nisingesaini.

Sikio

Hiki kinadharauliwa sana kwetu, na sijui kwa nini, maana dawa nyingi za miti ya kwetu zinapakwa au zinakandwa. Unapaka kiwashio kwenye sikio la kulia la panya mdogo, kwa kawaida mafuta ya krotoni au zaileni, na dondoo lako unalipaka papo hapo au kabla. Sikio la kushoto linapata kiyeyushi peke yake. Baadaye, saa nne hadi sita kwa krotoni, mapema zaidi kwa zaileni, panya wanauawa kwa njia ya huruma, unatoboa kila sikio kipande cha duara cha milimita 6 au 8, unapima. Uzito wa kulia ukizidi wa kushoto, kilichozidi ni maji ya uvimbe.

Unahitaji mizani inayosoma sehemu ya kumi ya miligramu, na kitoboleo kikali. Kitoboleo butu hurarua, kipande kikatoka na pembe, na pembe hiyo nayo ina uzito. Krotoni inayozungumzwa ni *Croton tiglium* ya Asia. Mukinduri wa Kenya, *Croton megalocarpus*, ni mti mwingine, hivyo usikamue mbegu zake ukadhani umeokoa fedha.

Kuna mtego mmoja. Ukichanganya dondoo na krotoni kwenye tone moja, dondoo linaweza kukishika kiwashio kabla hakijaingia kwenye ngozi. Sikio halivimbi, wewe unashangilia, kumbe hujatibu kitu. Kuwe na kundi linalopakwa dondoo dakika kadhaa kabla au baada, uone kama matokeo yanasimama. Dondoo jeusi pia linaficha wekundu, kwa hiyo usipime kwa macho.

Kidonge cha pamba

Hapa tunaingia kwenye siku nyingi. Vidonge vya pamba vyenye uzito sawa, mara nyingi miligramu 10, vinatakaswa kwa mvuke na kupandikizwa chini ya ngozi ya panya mkubwa aliyelazwa kwa dawa ya usingizi, kwenye makwapa au kinenani. Mwili unakizunguka kitu kigeni: majimaji kwanza, chembe za kinga zinafuata, kisha nyuzi na mishipa mipya. Unampa dondoo siku saba. Siku ya nane unavitoa, unapima vikiwa vibichi, unavikausha kwenye tanuri nyuzijoto 60 mpaka uzito usibadilike, unapima tena.

Uzito mbichi unakuonyesha majimaji, mkavu unakuonyesha tishu mpya iliyojengwa. Hicho cha pili ndicho kinachokukaribisha kwenye ugonjwa wa kudumu, na ndicho ambacho karajinani haiwezi kukuambia. Dawa ya kulinganishia hapa iwe deksamethasoni, kwa sababu steroidi hukizuia kipimo hiki kwa nguvu kuliko diklofenaki na wenzake.

Lakini pima panya wenyewe kila siku, si pamba tu. Dondoo linalomkosesha mnyama hamu ya kula litapunguza tishu mpya kwa njaa, na kwenye jedwali litaonekana dawa. Nimewahi kuona "asilimia 45 ya kuzuia" ikiambatana na panya waliobaki mifupa. Hiyo ni sumu iliyovaa koti la dawa. Thimasi, tezi ya kinga iliyo kifuani, ikisinyaa nayo ni ishara: inawezekana dondoo linafanya kazi kama steroidi, au kuna steroidi ndani yake. Kama mti umeununua sokoni ukiwa tayari unga, kwenye kopo lenye lebo, mpelekee mkemia kabla ya kumpa panya. Dawa za "asili" za viungo zilizotiwa deksamethasoni kimyakimya zimeshakamatwa katika nchi nyingi.

Freund

Mchanganyiko kamili wa Freund ni mafuta yenye bakteria wa kifua kikuu waliouawa kwa joto. Ukiuchoma kwenye unyayo wa panya mkubwa, mguu huo unavimba kwanza. Kisha kuanzia kama siku ya kumi hivi kinga ya mwili inageuka na viungo vingine, hata mguu ambao hukuugusa, vinaanza kuvimba. Pearson alieleza yabisi hii ya panya mwaka 1956. Kati ya vipimo vyote nilivyotaja, hiki ndicho kinachoikaribia baridi yabisi ya binadamu, na ndicho majarida makubwa hukipenda.

Ndicho pia kinachotesa kuliko vyote. Mnyama anaumwa wiki tatu au nne. Anapungua, anachechemea, hafikii chakula cha juu, lazima umwekee sakafuni na kumtandikia laini. Ukimpa dawa ya maumivu unaharibu kipimo. Usipompa unapaswa kuwa na sababu utakayoisema mbele ya kamati ya maadili bila kutazama chini. Russell na Burch walipoandika mwaka 1959 kuhusu kubadilisha wanyama kwa njia nyingine, kupunguza idadi yao na kupunguza mateso yao, waliandika maneno yanayokigusa moja kwa moja kipimo cha namna hii. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008, na Kenya ina sheria ya kuzuia ukatili dhidi ya wanyama, Sura ya 360. Soma kabla ya kujaza fomu.

Ushauri wangu hauna mzunguko: kama huna daktari wa mifugo anayefika kila siku, na hujaandika ni dalili gani ikitokea mnyama atauawa mara moja asiteseke zaidi, Freund usiiguse. Na ukiigusa vaa miwani. Tone likikurukia jichoni au sindano ikikuchoma kidole, utauguza kidonda hicho muda mrefu.

Fomalini na asidi ya asetiki nazipita haraka, kwa sababu hivyo ni vipimo vya maumivu. Fomalini kwenye unyayo ina awamu mbili: dakika tano za kwanza ni neva zenyewe, na kuanzia kama dakika ya 15 unaingia uvimbe wenyewe, ule wa ishara nne. Mofini hupunguza zote, diklofenaki hasa ya pili. Ni nyongeza nzuri. Kujikunja tumbo kwa asidi ya asetiki kunaweza kuzuiwa hata na dawa ya kulegeza misuli, basi usikuite ushahidi wa kupunguza uvimbe.

Dondoo lako ni gramu ngapi?

Hili watu hulikumbuka siku ya jaribio. Nimechukua mfano wa panya mkubwa wa gramu 200, sita kila kundi, dozi tatu za miligramu 100, 200 na 400 kwa kilo. Panya mmoja wa dozi ya juu anakula miligramu 80. Kwa sikio nimechukua miligramu 0.25, 0.5 na 1 kwa kila sikio.

| Kipimo | Mnyama | Muda | Dondoo linalohitajika | Kinachojibiwa |
|---|---|---|---|---|
| Karajinani | panya mkubwa | dozi moja, saa 5–6 | gramu 0.84 | uvimbe wa ghafla, prostaglandini zaidi |
| Ute wa yai | panya mkubwa | dozi moja, saa chache | gramu 0.84 | histamini na serotonini |
| Sikio | panya mdogo | kupaka mara moja | gramu 0.0105 | dawa ya kupaka |
| Kidonge cha pamba | panya mkubwa | siku 7 | gramu 5.88 | tishu mpya ya uvimbe wa siku nyingi |
| Freund | panya mkubwa | siku 21 | gramu 17.64 | kinga na viungo |

Ongeza akiba kwa kinachobaki kwenye mpira wa kulishia na kinachomwagika. Ukishaanza kutenganisha dondoo na kupata sehemu safi za miligramu 50 tu, safu ya sikio ndiyo pekee inayokufaa, na hapo ndipo wanaolidharau sikio hurudi wakiwa wapole. Upande wa pili, magome ya gramu 17 za dondoo yanatoka kwenye mti ulio hai. *Prunus africana* uko kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, tangu 1995 kwa sababu ya kuchunwa ngozi. Mti wako ukiwa wa aina hiyo, jaribu majani kwanza.

Mdomo au sindano ya tumboni

Kuna kisa cha *Harpagophytum procumbens*, mmea wa Kalahari unaochimbwa Namibia, Botswana na Afrika Kusini, unaouzwa Ulaya kwa maumivu ya viungo. Mwaka 1983 watafiti wa Kanada waliwapa panya kwa mdomo, wakachoma karajinani, wakaandika kwamba hawaoni ushahidi wa kupunguza uvimbe. Mwaka 1992 Wafaransa wakachoma dondoo la maji tumboni mwa panya, karajinani ileile, na uvimbe ukapungua. Kisha wakalipitisha dondoo kwenye asidi kama ya tumboni, na nguvu ikatoweka. Mwaka 1994 wakaonyesha kwamba likiingizwa moja kwa moja kwenye utumbo mwembamba linafanya kazi, na kwa mdomo halifanyi.

Kwa hiyo matokeo yaliyoonekana kupingana yalikuwa yanajibu maswali mawili. Mwanafunzi anayechoma tumboni anapima dawa ambayo hakuna mganga anayeitoa. Zaidi ya hapo, dondoo ghafi lenye saponini (kemikali za mimea zinazotoa povu) au tanini (zile zenye ukakasi) likimwagwa kwenye utando wa tumbo linauchokoza, na uchokozi wa sehemu moja unaweza wenyewe kupunguza uvimbe wa mguuni. Utaandika dawa, panya amepata maumivu mawili. Kama bibi anasema kunywa, anza na mdomo. Sindano ya tumboni iwe kundi la pili, ukitaka kujua kama tumbo ndilo linaloharibu.

Dozi ambayo mtu anaweza kuinywa

Kugeuza dozi ya panya kuwa ya binadamu hakufanywi kwa kuzidisha uzito peke yake. Mwongozo wa 2005 wa FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, hutumia ukubwa wa eneo la ngozi ya mwili: kwa panya mkubwa zidisha kwa 6 ugawe kwa 37, kwa panya mdogo zidisha kwa 3 ugawe kwa 37. Miligramu 400 kwa kilo za panya mkubwa zinakuwa kama 65 kwa mtu, na mtu wa kilo 60 atahitaji karibu gramu 3.9 za dondoo kavu. Inawezekana, ingawa ni kikombe kizito. Dondoo linaloanza kufanya kazi kwenye miligramu 1,000 linamtaka mtu huyo anywe karibu gramu 10. Hapo ni heri uandike kwamba halikufanya kazi.

Kabla ya yote hayo pima sumu. Mwongozo namba 423 au 425 wa OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi tajiri, unatumia wanyama wachache, na kikomo cha kawaida ni miligramu 2,000 kwa kilo.

Vipimo visivyo na mnyama vitangulie pia, lakini chagua vizuri. Seli za RAW 264.7, seli za kinga za panya mdogo zinazokuzwa maabara, zikiamshwa ukapima naitriki oksaidi, gesi wanayoitoa wakati wa uvimbe, zinakupa sababu ya kuendelea au kuacha. Kile cha kupasha joto albumini ya yai au ya ng'ombe na kutazama kama dondoo linazuia isigande kinapendwa kwa sababu ni cha bei ya chini. Ila tanini hushikana na protini ya aina yoyote, hivyo karibu kila gome lenye ukakasi litafaulu. Hata majani ya chai.

Ule mzizi wa bibi

Tulikaa na yule mwanafunzi tukaandika upya. Dondoo la maji, lililochemshwa kama bibi anavyochemsha, kisha likakaushwa kwa baridi. Kwa mdomo. Karajinani kwanza, makundi matano ya panya sita: wasiopewa dawa, indomethasini miligramu 10 kwa kilo, na dozi tatu. Kama mchoro wa saa kwa saa ungeonyesha chochote, kidonge cha pamba siku saba, deksamethasoni pembeni. Na kwa makapi ya moto, sikio, kwa kuwa hayo hayanywewi. Freund tuliifuta, na msimamizi hakuuliza.

Kilichobaki ni moto wenyewe. Kitambaa chenye joto juu ya goti kinatuliza hata kisipokuwa na mzizi, kwa hiyo ilibidi tuongeze kundi la panya wanaopakwa maji ya uvuguvugu matupu. Bibi alipopigiwa tena kuulizwa makapi huwa ya moto kiasi gani, alicheka. "Ya kumfanya mgonjwa aseme basi," akasema. Tuliandika nyuzijoto 40.